Ufunguo wa Tatu

Nassor,

Siulizi hali. Ungenijibu kwa ile sauti yako ya kuvuta maneno kwamba hali yako sasa imetulia kuliko yangu, na ungekuwa umeshinda bishano kabla sijakaa kitini. Kwa hiyo naanza na habari yenyewe: mji wako upo. Tulidhani umepotea, tumeupata, na taa za mitaani zinawaka.

Sasa nikueleze ulivyopotea na nani wa kulaumiwa, maana unanijua. Siwezi kuandika hata salamu za Idi bila kumtafutia mtu lawama.

Tuanzie siku ya kukutoa nyumbani. Mie Mmakonde wa Newala na wewe Mwarabu wa Chang'ombe, hatuna utani wa jadi. Utani wetu tuliuanzisha wenyewe dukani pako, kati ya ndoo za misumari na makufuli yaliyoning'inizwa ukutani, na baada ya miaka yote ile niliona una haki sawa na utani wowote wa mababu. Basi jeneza lilipofika mlangoni nikasimama katikati nikatanua mikono. Nikawaambia huyu hatoki mpaka akiri kwamba nilikuwa sahihi kuhusu makufuli. Wazee wako walinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha dada yako Zuhura, macho yamevimba kwa kulia, akasema, "Damasi, mpishe mwenzio, kachoka na wewe." Watu wakacheka huku wanalia. Nikapisha. Hukukiri, lakini.

Watu wale hawakujua makufuli gani nasema. Walidhani ni ya dukani. Wangejua kwamba wanaume wawili wenye mvi walikuwa wanapigizana kelele kila Jumamosi kuhusu maduka ya gemu za kompyuta, wangetuombea dua sote wawili siku ileile.

Unakumbuka majina tuliyoyapa? Duka Kuu lilikuwa lako. Ulilipenda kama mtu anavyopenda kinyozi wake. Ulinisomea sifa zake hadi nikazikariri: punguzo la msimu, gemu mbovu unairudisha bila kugombana na mtu, na ukishaingia mara moja unaweza kukata intaneti ukacheza nje ya mtandao. Kufuli lake lenyewe, yaani ule ulinzi wa kuzuia gemu isinakiliwe, ulisema ni jepesi, tena gemu nyingine mle hazina kufuli kabisa. Kweli. Ila kila mtengenezaji ana ruhusa ya kuongeza la kwake. Mmoja anaweka geti la chuma juu ya mlango wa mbao. Mwingine anakulazimisha ufungue programu yake ndani ya programu ya duka, yaani duka ndani ya duka, na kila moja linataka jina lako na neno la siri. Na wale wabaya zaidi wanaweka kile kidude kinachoipigia simu seva ya ng'ambo kuuliza kama wewe ni mwizi, huku kompyuta yako inapumua kama mgonjwa wa pumu.

Hapo ndipo nilipokuwa napanda juu ya kaunta. Nikasema: mteja aliyelipa anahojiwa mlangoni, na aliyeiba yuko ndani, miguu juu ya meza, anacheza, maana nakala ya wizi imeshang'olewa kufuli. Biashara gani inamwadhibu mnunuzi? Nawe ukanijibu bila kuinua uso kwenye parafujo ulizokuwa unapima, "Kwa hiyo tusiuze makufuli, Damasi? Nile nini, makala zako?"

Duka la pili tuliliita Duka la Zawadi, kwa vile kila wiki linagawa gemu bure. Ulizichukua zote, hata ile ya kuteleza kwenye theluji, wewe ambaye barafu umeiona ndani ya friji tu. Programu yake nzito, inafunguka kwa kujivuta. Lakini siku ile ilipogoma kabisa, tukaingia kwenye folda tukabonyeza gemu yenyewe, na gemu ikafunguka bila kumuuliza mtu. Ukacheka mpaka kofia ikadondoka. "Geti la kifahari," ukasema, "kumbe ukuta wa nyuma hawakujenga."

Na la tatu lilikuwa langu, Duka la Wazi. Huko ukinunua gemu unapakua faili zima la kuisakinisha, unaliweka kwenye diski yako, basi. Programu yao ipo lakini si lazima uwe nayo. Duka likifungwa kesho, gemu yako inabaki yako kama sufuria. Niliitetea hoja hiyo kwa historia ya vitabu, kwa sheria, kwa Biblia na hata kwa Kurani yako, nawe ukanimaliza kwa sentensi moja: "Duka lako halina kufuli kwa sababu halina mali." Kwa kuwa watengenezaji wakubwa waliliogopa, gemu mpya zilichelewa kufika huko au hazikufika kabisa. Nilienda nyumbani Madale nimenuna, na nikipanda kilima cha huko nilikuwa natafuta jibu.

Lakini ushindi wangu mkubwa nilikuja kuupata kwenye mikono yako mwenyewe, si vitabuni.

Kila ulipouza kufuli, ulikuwa na utaratibu wako. Unalitoa kwenye boksi. Unalifunga na kulifungua kwa ufunguo wa kwanza mbele ya mteja, kisha kwa wa pili. Halafu unaviweka vyote kwenye kiganja chake unasema, "Funguo zote mbili ni zako. Mie sibaki na wa tatu." Hata mama mwenye haraka ulimsimamisha asikie. Hata mimi niliponunua la kabati, mtu uliyenifahamu tangu sijaota ndevu, ulinisimamisha.

Basi Jumamosi moja nikakwambia: Nassor, Duka Kuu lako limebaki na ufunguo wa tatu. Tena ndio pekee unaofanya kazi.

Akaja mteja wa kitasa, ukamhudumia taratibu kuliko kawaida. Ukarudi ukaniambia, "Ufunguo wa tatu ukikaa kwa mtu mwema si kitu kibaya. Ukipoteza zako, utaenda kwa nani?"

Nikakuahidi nitarudi na jibu. Juma lile ukalazwa, ukatoka, ukalazwa tena, na mara ya pili uliporudi uliletwa.

Jibu ninalo sasa. Lakini nisubiri, bado nakueleza mji.

Baada ya msiba Zuhura alikaa na simu yako. Unajua mji huu ulivyo: mtu akifa, matapeli wanaivizia namba yake, wanawatumia watu ujumbe wa kuomba rambirambi kwa jina la marehemu. Dada yako hakutaka jina lako lichezewe. Akatoa laini, akaikata vipande kwa mkasi wa kitambaa, akavitupa chooni. "Marehemu hapigi wala hapigiwi," akasema. Simlaumu. Nimetafuta kosa lake nimelikosa. Ungemuuliza mtu yeyote Temeke nzima angekwambia Zuhura kafanya la heshima.

Binti yako Rahma alifungua duka mara tu wazee walipomruhusu. Siku moja akaunganisha kompyuta yako ile ya chumba cha nyuma ya duka na intaneti ya simu yake, atazame bei za mabati za yule msambazaji. Programu ya Duka Kuu, iliyokuwa imelala nje ya mtandao tangu ulipoiacha, ikaamka. Ikajisasisha. Ikauliza, wewe nani? Rahma akaandika neno la siri. Lilikuwa jina la mama yake, kama sote tulivyodhani. Ikashukuru. Ikasema imetuma namba za uthibitisho kwenye laini yako.

Alinipigia simu hana sauti. "Shikamoo, ba'mdogo," akasema, kisha, "Nimemfungia baba nje."

Nilivaa viatu nisivyofanana, Nassor. Sikutambua mpaka nilipofika Chang'ombe.

Yeye hakuwa analilia gemu. Nawe unajua alichokuwa analilia. Tangu mkeo Mwanaidi alipofariki na nyumba ikanyamaza, wewe na binti yako mlikuwa mnakaa mbele ya kompyuta ile baada ya kufunga hesabu za siku, mnajenga. Gemu yenyewe ni ya kujenga miji, mtu anapanga barabara na maji na shule. Wengine hujenga miji ya maghorofa ya vioo. Nyie mlijenga Chang'ombe. Chang'ombe ilivyotakiwa kuwa: mitaro inayopitisha maji, shule isiyopakana na kiwanda, mafundi samani wana yadi zenye kivuli. Mlitoa majina ya mitaa. Mmoja mkauita Mtaa wa Mwanaidi, mkaupanda miti pande zote mbili, na Rahma aliniambia kwamba mlipoumaliza ndipo ulipoweza kusema jina la mkeo bila kutoka nje ya chumba.

Nyumba yangu uliiweka pembezoni mwa mji, sehemu uliyoiita Segerea, mkabala na gereza. Nilipolalamika ukasema, "Mwandishi mbishi kama wewe, mwisho wa safari ni pale. Nimekupunguzia mwendo."

Huo ndio mji uliobaki upande wa pili wa mlango.

Tuliwaandikia huduma kwa wateja. Rahma akaeleza kwa adabu, akaambatanisha cheti cha kifo. Jibu likaja nalo kwa adabu: wanasikitika kwa msiba, na akaunti ni ya mtu binafsi, hairithishwi. Nassor! Ustaadhi aliketi nasi akagawa mirathi yako yote, akagawa duka, kiwanja, baiskeli iliyokufa, hata zile boksi za bawaba zilizoota kutu. Kila kitu chako kilikuwa na mrithi, isipokuwa vile ulivyovinunua kwa kubonyeza. Kwa sababu hukununua. Ulikodi, kwa maisha yako, bila kuambiwa kwa sauti. Neno "nunua" limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitufe, na neno "kibali" limeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi kwenye masharti. Mie naita hiyo hila, na sitaita jina lingine.

Nikakaa palepale kwenye stuli yako kuandika makala. Nilikuwa nimefika aya ya nne, natukana vizuri kabisa, Rahma akaniuliza, "Ba'mdogo, makala itafungua gemu?"

Ni wewe mtupu, yule mtoto. Nikafunga kalamu.

Ndipo nikakumbuka ubahili wako. Duka Kuu lina huduma ya kupeleka kumbukumbu za michezo yako kwenye seva zao, ukihamia kompyuta nyingine unazikuta. Nilikusihi uiwashe. Ukaizima mbele yangu ukisema inakula bando, na kwamba hutalipia intaneti ili mitaro yako ikatunzwe na watu wasiojua Temeke iko wapi. Nilikuita mshamba siku ile, nakumbuka. Basi mji haukwenda kwenye seva. Kama haukwenda huko, ulikuwa wapi?

Ulikuwa palepale, kwenye folda ya nyaraka zako, katikati ya ankara za mabati na picha za harusi ya Zuhura. Faili moja, lina jina la "Chang'ombe yetu". Duka lilikuwa limefunga gemu. Ulichokijenga kwa mikono yako halikuweza kukifunga, kwa vile hukuwahi kuwakabidhi. Nilimwonyesha Rahma kwa kidole. Akaligusa lile jina kwenye kioo.

Tatizo likabaki moja. Faili bila gemu ni kanda bila redio.

Nikatoa ushauri wangu, nao hutaupenda. Nikamwambia namjua mtu Kariakoo, kabla ya jua kuchwa atatupa gemu iliyong'olewa kufuli, bure. Tena nikahalalisha: baba yako alishalipa, haki yake imezuiliwa, tunachukua chetu. Hoja safi, ningeweza kuitetea mbele ya jopo la majaji. Rahma akanitazama kwa macho yale yako ya kupima parafujo. "Baba aliacha CD za kuchoma, zile nakala za wizi, kwa hiari yake," akasema. "Alisema mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama mwenyewe yuko ng'ambo na hakujui. Leo nimrudishe hukohuko kwa ajili ya mji wake?"

Nikashindwa tena ndani ya duka lile, na mtu wa ukoo uleule.

Basi unajua alifanya nini? Gemu ile sasa inauzwa pia Duka la Wazi. Duka langu lisilo na mali! Akainunua upya, kwa jina lake mwenyewe, kwa pesa za faida ya duka. Uaminifu wako, na uhuru wangu. Akachukua kimoja kwa kila baba na kutuacha sote wawili hatuna pa kugombania. Tukapakua siku nzima. Umeme ukakatika katikati, tukakaa kibarazani tunakula mihogo, Zuhura akija na chai na kuuliza, "Huyo marehemu wenu kashafika?" Umeme uliporudi upakuaji ukaendelea ulipoishia.

Kabla ya kufungua faili nilimzuia. Matoleo ya gemu yanatofautiana kutoka duka hadi duka, na toleo lisipokubaliana na faili linaweza kuliharibu. Nikanakili mji wako kwenye diski yangu kwanza. Kisha Rahma akasoma Bismillahi, akabonyeza.

Gemu ikatuonya: faili hili limetoka toleo jingine, huenda lisifunguke vizuri. Kistari cha kusubiri kikaenda, kikasimama. Zuhura, asiyejua kompyuta inawashwa wapi, alisimama nyuma yetu kashika birika. Kikaenda tena.

Halafu miti. Kabla ya barabara na nyumba ilitokea miti, pande mbili, Mtaa wa Mwanaidi wote. Kisha mitaro, shule, yadi za mafundi, na vigari vidogo vikaanza kutembea kana kwamba vilikuwa vimesimama tu kupisha msiba. Rahma akasema, "Mama yupo." Zuhura akaweka birika chini, akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Na Nassor?" Rahma akamwonyesha duka, lenye paa la kijani. Wakashikana.

Mie nikajitia kutafuta nyumba yangu ili nisitazame nyuso za watu. Gereza lipo. Nyumba ipo mkabala nalo, hukunisogeza hata hatua moja, mshenzi wewe. Lakini kuna barabara ambayo sikuwahi kuiona. Inaanza mlangoni kwangu, haina kona, haina taa za kusimamisha, haina mzunguko, imekata mji mzima na kuishia mbele ya kaunta yako. Rahma anasema uliijenga baada ya kulazwa mara ya kwanza. Alikuuliza kwa nini umevunja nyumba nzuri zote zile kupitisha barabara ya mtu mmoja, ukamwambia, "Anachelewaga sana, na mie sina muda."

Sasa jibu langu. Uliuliza, mtu akipoteza funguo zake, aende kwa nani? Nimelifikiria kwenye kile kilima cha Madale mpaka nikachoka, na kumbe ulikuwa unalitoa wewe kila siku, kiganjani mwa mteja. Funguo zinakuwa mbili ili wa pili umpe mtu unayemchagua mwenyewe. Si duka. Duka hukulichagua likushikie ufunguo siku ya kufa, nalo halikujui ulivyokuwa unacheka. Unampa ndugu, unampa jirani, ikibidi unampa mtani. Kwa hiyo hukukosea kwamba lazima awepo wa kumwendea. Ulikosea anwani tu. Naona hapo tumetoka sare, na sitakuruhusu ujibu.

Sijasema nimeshinda vita. Gemu zako nyingine zote zimebaki Duka Kuu, ile ya mbio za magari ambayo hukuwahi kunishinda, ile ya vita uliyokuwa unaogopa kuicheza peke yako. Zinaniuma. Lakini makala ile nimeimalizia, na safari hii haina tusi hata moja, Rahma ameipitia. Nataka mambo mawili tu: kitufe kiseme ukweli kama unanunua au unakodi, na mtu akifa mrithi wake afunguliwe. Vijana wanaokuja dukani wameibandika ukutani pembeni ya makufuli. Wanabishana, Nassor. Wanapanda juu ya kaunta. Mmoja juzi amemwambia mwenzie kwamba duka lake halina kufuli kwa sababu halina mali, na Rahma akalazimika kuingia stoo akalie kidogo na kucheka kidogo.

Naye anauza makufuli kwa utaratibu uleule. Analifunga, analifungua, wa kwanza, wa pili. Mama mwenye haraka bado anasimamishwa asikie.

Lala salama, mtani wangu. Nakuahidi hivi: kila Jumamosi nitakuja kwa ile barabara uliyonijengea, na Rahma akiongeza mtaa, nami nitauhifadhi kwangu siku hiyohiyo. Mji una funguo mbili. Mmoja anao binti yako, wa pili ninao mie.

Wa tatu hanao mtu.

Wako mbishi,
Damasi